Ziwa Halichemki, Mama

Tangu televisheni za inchi 55 zianze kupanda vilima vya Kadutu, hapa Bukavu, vichwani mwa wabeba mizigo, kazi yangu imeingia mkosi. Zamani mtu aliitazama video ya harusi yake kwenye simu: akaona bibi harusi, akaona keki, akaona ziwa kwa nyuma, akacheka, akamalizia kwa kunilipa. Skrini ya simu ina huruma. Inakiminya kila kitu kiwe kidogo, na dosari zinaminywa humohumo. Leo video ileile inatandazwa ukutani, mashemeji wanapanga viti mita mbili mbele yake, soda zinafunguliwa, na kesi yangu inaanza kusikilizwa mimi mwenyewe nisipokuwepo.

Shitaka ni moja siku zote: chenga. Kila mahali penye giza pamejaa vidoa vinavyorukaruka, vyekundu, vya kijani, vya zambarau, vinavyozaliwa na kufa mara 25 kwa sekunde. Mbingu inatetemeka. Suti nyeusi ya bwana harusi inatambaa. Mama mmoja wa Nguba alinipigia simu usiku, sauti ya juu, nyuma yake nasikia ukoo mzima ukichangia.

“Papa, mukuje muone hii video yenu. Ziwa iko inachemka.”

“Mama, ziwa halichemki.”

“Iko inachemka, papa! Na mutoto wangu iko na mainzi ku uso.”

Simu ikanyakuliwa na mzee wa familia, mtu wa kustaafu, ambaye siku zote za kustaafu kwake amezitumia kusoma habari za gesi ya Ziwa Kivu. Akanieleza, pole pole, kwa sauti ya mwalimu, kwamba chini ya maji haya kuna kilomita za ujazo zipatazo 60 za methani na kama 300 za kaboni dioksidi, na kwamba kule Nyos, Kameruni, mwezi wa Agosti 1986, ziwa lilipumua usiku mmoja tu likaua watu wapatao 1,700. “Gazi ilishaanza kupanda,” akasema, “na nyinyi mulikuwa munakula sambusa.” Kwa hiyo sikuwa tena mpiga video mbaya. Nilikuwa mtu aliyenasa ushahidi wa maafa akakaa kimya.

Mwenye akili atasema: rudia kupiga. Hapana. Tangu vita viingie Bukavu katikati ya Februari 2025, droni niliyokuwa nikipigia video hizi imelala sandukuni chini ya kitanda. Mlio uliokuwa ukiwafanya watoto wa Panzi wakimbie kuja sasa unawafanya wakimbie kwenda, na mimi sina hamu ya kusimama gizani na kidude chenye taa mkononi nikimweleza mtu mwenye bunduki kwamba nilikuwa natafuta pembe nzuri ya keki. Kilichobaki ni diski zangu za miaka ya nyuma: harusi, ubatizo, mahafali, matanga. Na ajabu ni kwamba zinatafutwa kuliko zamani. Waliohamia Kigali, Bujumbura, Kampala, hata Montreal, wote wanataka Bukavu yao ya usiku, na wanaitaka safi. Kwa hiyo siku hizi sipigi video. Nafagia.

Sasa nieleze ninachofagia, kwa sababu nimechoka kueleza kwa simu, mtu mmoja mmoja, kwa salio langu.

Droni ndogo kama hizi tunazozimudu ina kamera ambayo sensa yake, kile kibati kinachopokea picha, ina milimita sita na kidogo kwa upana. Ndani ya nafasi hiyo wamepanga pikseli milioni 12. Kila pikseli inasubiri mwanga, na mwanga hauji kwa mkondo laini. Unakuja punje punje, na punje hizo, fotoni, zinafika kwa bahati. Pikseli ikipokea fotoni 10,000, itakosea kwa karibu 100 hivi, yaani asilimia moja, na hakuna shemeji atakayeona. Ikipokea 100, itakosea kwa 10: asilimia kumi. Ikipokea 10, itakosea kwa tatu, na hapo tayari pikseli inasema uongo kwa thuluthi nzima. Juu ya Ziwa Kivu usiku usio na mwezi, kamera inaishi katika hizo kumi.

Ndipo anapoingia yule mjuaji wa kila harusi, mwenye glasi mkononi: “Pandisha ISO.” Nimepandisha, bwana. ISO haileti mwanga. Inachukua kile kidogo kilichopatikana, ukweli na uongo wake, inavizidisha vyote pamoja. Ukweli wa fotoni saba na uongo wa fotoni tatu ukivizidisha mara thelathini, unapata ziwa linalochemka. Na kwa kuwa bahati ya fremu hii si bahati ya fremu inayofuata, kidoa kinahama, kinarudi, kinabadili rangi. Hiyo ndiyo methani ya yule mzee.

Mpiga picha za mnato anajiponya kwa kuweka kamera juu ya miguu mitatu na kuiacha wazi sekunde kumi. Mimi nahitaji picha 25 kila sekunde, kwa hiyo hata nikiwa mkarimu namna gani, kila moja inapata sehemu moja ya 25 ya sekunde, kisha mlango unafungwa. Wakati huo huo chombo kimening'inia hewani, upepo wa ziwa unakisukuma kuelekea Rwanda, na betri inanihesabia dakika.

“Lakini sisi kwa macho yetu tuliona ziwa vizuri!” Nalijua hilo. Jicho lilikaa gizani karibu nusu saa likazoea, na kilichopungua likajazia lenyewe kutoka kwenye kumbukumbu, maana unajua ziwa liko pale tangu ulipozaliwa. Kamera haikuzaliwa hapa.

Hayo ni ya giza. Ya taa ndiyo yananitia uchungu zaidi, kwa sababu taa ndizo zilizotakiwa kunisaidia.

Umeme wetu ni wa hezi 50: unakwenda na kurudi mara 50 kwa sekunde. Taa inayouchukua moja kwa moja hung'aa na kufifia mara 100 kila sekunde, na jicho halioni kitu. Balbu za zamani za waya zilikuwa na subira: waya ukishawaka, hauwahi kupoa. Taa za LED za bei ya chini hazina subira. Umeme ukishuka nazo zinazima papo hapo. Sasa weka kamera iliyotoka kiwandani imepangwa kupiga fremu 30 kwa sekunde, kama wanavyopenda Marekani ambako umeme ni wa hezi 60. Mapigo 100 hayagawanyiki kwa 30. Yanabaki kumi, na hayo kumi unayaona: ukuta wa ukumbi unapepesa mara kumi kwa sekunde, na mistari myeusi inapanda juu ya nguo ya bibi harusi, kutoka pindo hadi shela. Dawa yake inajulikana na haiuzwi. Piga fremu 25, shata, ule mlango wa kamera, iwe moja ya 50 ya sekunde, kila fremu itapata mapigo mawili kamili, ukuta utatulia. Kijana yeyote anayeanza kazi hii Bukavu afundishwe hilo kabla ya kufundishwa kurusha.

Lakini hiyo dawa inadai umeme uwe na hezi 50, na umeme wa harusi ni wa jenereta. Si kwa kukosa maji ya kuzalisha umeme: Mto Ruzizi unatoka ziwani hapa hapa mjini. Mtambo wa Ruzizi I uko pale mlangoni tangu mwishoni mwa miaka ya 1950, Ruzizi II wa mwaka 1989 unatumiwa kwa pamoja na Kongo, Rwanda na Burundi, na Ruzizi III, wa megawati zaidi ya 200, umezungumzwa tangu nikiwa na nywele. Pamoja na hayo yote sijaona baba wa bibi harusi mwenye akili timamu anayekodi ukumbi bila jenereta. Delestaji, yaani mgao wa umeme, haina kadi ya mwaliko lakini huja.

Na jenereta ni kiumbe mwenye hisia. Injini ikizunguka mara 3,000 kwa dakika, unapata hezi 50 zako. Friji ya bia ikiamka, injini inakohoa, mizunguko inashuka, hezi zinashuka nayo, na shata yangu niliyoipanga kwa hesabu inabaki imesimama peke yake kama shahidi ambaye kesi imehamishwa. Mbaya zaidi ni didjei. Kila besi ikipiga, spika zinafyonza umeme, taa zote zinainamisha kichwa. Nina video moja ambayo ukumbi mzima unapepesa kwa mdundo wa rumba, bila kukosea hata pigo moja. Mteja akadhani ni madoido niliyoyaweka makusudi. Akaomba niyaweke pia kwenye sehemu ya kanisani.

Sasa sikia jambo ambalo limenifundisha kuliko mafunzo yote ya mtandaoni. Katika diski zangu nina picha ya angani ya usiku, juu ya ghuba upande wa Muhumba, iliyopigwa miaka ile ya amani ya kadiri. Kushoto ni mji: Ibanda, barabara ya Patrice Lumumba, halafu vilima vya Kadutu vimejaa taa hadi juu. Kulia ni ziwa, na juu ya ziwa wavuvi wa sambaza, mitumbwi yao mitatu mitatu iliyofungwa pamoja kwa milingoti, kila kundi na taa zake za kuvutia samaki. Mji wote unapepesa. Upande wa pili wa mto, Kamembe ya Rwanda nayo inapepesa kwa hezi zile zile, na nilimwonyesha hilo mteja mmoja aliyekuwa ameanza kuwasifu majirani. Taa za wavuvi zimetulia kabisa. Zinakula betri, na umeme wa betri haugeukigeuki. Wavuvi ambao hata samaki wao ni mgeni aliyeletwa kutoka Ziwa Tanganyika mwishoni mwa miaka ya 1950 ndio wenye mwanga nadhifu kuliko sisi tuliokaa juu tukiwatazama kwa huruma. Tangu niione picha ile, nikisikia mtu anataka ukumbi wa kifahari wenye taa 400 za Dubai, namwambia kodi mitumbwi.

Basi, kufagia. Mpwa wangu aliyesoma informatiki aliniambia ni kazi ya kubonyeza kitufe. “Tonton, iko programu.” Ipo kweli. DaVinci Resolve, ambayo nusu ya wapiga video wa mji huu wanaitumia kwa kuwa ni ya bure, ina kifaa cha kuondoa chenga, ila kifaa hicho kimo ndani ya toleo la kulipia, dola 295. Nikazitafuta. Kisha ikabainika kwamba programu nayo inataka kadi ya picha yenye nguvu, na hiyo nayo ina bei yake, na mpwa hakuitaja kwa sababu alikuwa amekwisha kula na kuondoka.

Inavyofanya kazi ni vizuri, sikatai. Inachukua fremu kadhaa zinazofuatana na kuzilinganisha. Kilichopo katika zote ni kweli, kilichotokea katika moja tu ni chenga, kifutwe. Ukichanganya fremu nne, chenga zinapungua nusu; ukitaka zipungue hadi robo, uchanganye 16. Ziwa linatulia. Mbingu inakuwa mbingu. Kwa dakika moja nzima nilijiona mganga.

Halafu watu wakaanza kucheza. Kitu kinachosogea hakipo mahali pamoja katika fremu nne, na programu ikikikosa inakihesabu kuwa uongo. Mjomba aliyekuwa akirusha mikono juu akapoteza mikono. Shangazi akawa na vichwa viwili, cha sasa na cha kabla kidogo. Kwenye ile picha ya ziwa, makasia ya wavuvi yalifutika na mitumbwi ikawa inakwenda kwa miujiza. Ukipunguza nguvu ya programu, mikono inarudi, na chenga zinarudi nayo. Ukiongeza, ngozi za watu zinakuwa za nta, na mama wa Nguba ataniuliza kwa nini binti yake amekuwa sanamu.

Na wakati ninapotafuta kipimo, mashine inaunguruma usiku kucha kwa video ya dakika arobaini. Ikifika asilimia tisini na kitu, umeme unakatika. Unarudi alfajiri, kwa upole, kana kwamba ulikuwa msalani. Programu inafunguka na kuniuliza kama nataka kuanza upya. Siku hizi naikata video vipande vya dakika mbili mbili, nasafisha kimoja kimoja, ili delestaji ikija iondoke na kidogo. Huu ni ushauri wa bure, vijana, uchukueni.

Kuna na ile aina ya kupepesa ambayo si ya mwanga wala ya umeme. Droni haina nafasi ya kuhifadhi kila kitu, kwa hiyo inabana. Inaandika fremu moja nzima, kisha kadhaa za kuonyesha mabadiliko tu, kisha nzima tena. Gizani, ambako kila kidoa ni mabadiliko, mbano unaelemewa, unaamua kupaka weusi kwa vipande vya mraba. Ikija fremu nzima, vidoa vinarudi kwa ghafla. Kisha vinapakwa tena. Matokeo ni kwamba giza linapumua, mara mbili kwa sekunde hivi, taratibu. Yule mzee wa gesi nilimficha hiyo. Angehamisha ukoo.

Halafu, baada ya kazi hiyo yote, mteja ananiambia: “Nitumie ku WhatsApp.” Wiki nzima ya kufagia, inatiwa ndani ya kinu kinachobana video hadi shangazi anakuwa miraba kumi na mbili. Anaifungua kwenye televisheni ya inchi 55. Ananipigia.

Nimekwenda mwenyewe nyumbani kwa baadhi yao, nikakaa kwenye kiti cha mshtakiwa, nikaomba rimoti. Na nimekuta kitu kimoja kila mahali: televisheni imeachwa kwenye mpangilio wa dukani, ule wa kung'aa kupita kiasi, mwangaza juu, ukali juu, kila kivuli kimevuliwa nguo. Duka liliupanga hivyo ili televisheni ishinde zenzake rafuni. Nikashusha mwangaza. Nikashusha ukali hadi karibu sufuri. Chenga zikapungua mbele ya macho ya ukoo, bila programu, bila dola 295. Nilitegemea makofi. Walisema: “Sasa imekuwa giza.”

Ndiyo! Ilikuwa usiku! Hapo ndipo nilipo na wateja wangu, na sitaki kusogea. Mnataka video ionyeshe ziwa ambalo usiku ule hakuna aliyeliona kamili, vilima ambavyo havikuwa na umeme, na nyuso za watu waliosimama nyuma ya jenereta. Kamera mnailazimisha iape juu ya mambo ambayo haikuyashuhudia, kisha mnashangaa ikitetemeka. Dawa bora niliyoipata, kuliko programu yoyote, ni kuvuta weusi chini: kila kilichokuwa karibu na giza kiwe giza kamili, na chenga zizame humo humo. Zinabaki taa, nyuso zilizoangazwa, keki na mitumbwi. Bukavu ya namna hiyo ni nzuri, na ndiyo iliyokuwepo.

Kwa hiyo, ndugu msomaji mwenye harusi siku za mbele, amani ikirudi na droni ikitoka sandukuni: jua letu linazama karibu saa kumi na mbili jioni mwaka mzima, na magharibi yake haifikishi hata nusu saa. Keki ikatwe saa kumi na moja. Mchungaji afupishe mahubiri, wajomba wafupishe hotuba, na anayechelewa kwa sababu ya nywele aambiwe bei ya kadi ya picha. Na wewe unayetaka kusafishiwa video ya zamani, niletee faili lililotoka kwenye kadi ya droni yenyewe, pamoja na lita tano za petroli. La WhatsApp silipokei.